Kuipigia Usoke Shikamoo

Ofisini ninakofanya kazi sasa, hapa Dar es Salaam, kuna chumba kidogo chenye baridi ambamo seva zetu zimepangwa kama vitabu vikubwa. Kazi yangu humo si kubwa. Nafungua mlango, nasikiliza feni, nafuta vumbi, na kitu kikinishinda nawapigia simu wataalamu. Juzi juzi mmoja wao alituletea seva mpya, akaigeuza ili anionyeshe, mgongoni mwake, kitu alichokiona cha ajabu sana. Ilikuwa kadi ndogo, yenye umeme wake na waya wake, isiyotegemea chochote cha seva ambayo yenyewe imekaa ndani yake. Seva ikiganda, alisema, programu zote zikafa na kioo kikawa cheusi, unaweza kukaa kwako Mbagala ukaiuliza kadi ile: joto likoje? Feni zinazunguka? Umeme unafika? Ukitaka, unaiamuru iizime seva na kuiwasha upya.

"Kadi haiiulizi seva?" nikamwuliza.

"Haiiulizi, mzee. Inaangalia yenyewe. Iko pembeni."

"Kwa hiyo ukiipigia shikamoo inaitika, hata kama mwenye nyumba ni mahututi."

Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka asipoelewa. Sikumfafanulia. Ningelazimika kuanzia Tabora, naye alikuwa na njaa.

Nilifika Tabora miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipoitana ndugu kuanzia mfagizi hadi waziri na sukari ikawa kitu cha kupangia foleni. Nilikuwa fundi mdogo wa simu, kidato cha nne mkononi, na tayari nilikuwa nimehama vituo kadhaa kwa kuomba mwenyewe. Wenzangu waliomba uhamisho ili warudi kwao. Mimi niliomba kwenda nisikofika. Tabora niliiomba kwa sababu ya babu yangu, Mzaramo wa Kisarawe, ambaye alizisikia kwa baba yake habari za wapagazi wa Kinyamwezi: jinsi walivyoshuka pwani na pembe mabegani, na jinsi Wazaramo walivyowatania njiani mpaka utani ukawa undugu. Nilitaka kuiona njia ile kutoka upande wa pili.

Njia yenyewe niliikuta imebadilika tu, haikufa. Palipopita miguu ilipita reli, au karibu yake, na nguzo za simu zikaifuata reli kupitia misitu ya miombo hadi Kigoma. Nilipenda kusimama chini ya nguzo za mwisho za mjini, upande wa magharibi, nikiuangalia waya unavyopungua mpaka macho yanakata tamaa. Mpagazi alitembea wiki kadhaa kwenda Ziwa Tanganyika. Sauti ya mama anayemwuliza mwanawe kama amepokea shati iliruka pale pale kabla hujapepesa jicho.

Isipokuwa sauti huchoka. Hilo watu wengi hawalijui. Kwenye waya mrefu sauti hudhoofika, ikawa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi, kwa hiyo njiani lazima pawe na mtambo wa kuipokea, kuitia nguvu na kuisukuma mbele. Mtambo wetu ulikuwa Usoke, kijiji cha reli na tumbaku, ndani ya kibanda cha matofali kisicho na dirisha. Mle kulikuwa na mitambo miwili inayofanana, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba, betri, na jenereta ya dizeli ya kuzichaji. Mtu hakukaa humo. Palikuwa na kufuli tu, na chini kabisa, karibu na mlango, kisanduku cha kijivu kisichozidi kopo la biskuti.

Kisanduku hicho ndicho ninachotaka kukisimulia, na aliyekifanya kiseme.

Fundi wetu mkuu alikuwa Mnyamwezi wa mjini, mwana wa mfua mabati, Mwislamu wa kofia safi na maneno mengi. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Akitengeneza kitu, Tabora nzima ilijua kabla ya jioni. Aliponipokea siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Mzaramo?"

"Ndiyo, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Babu zangu walibeba mizigo mpaka kwenu, mkawauzia maji ya kisima kwa bei ya maziwa. Leo umekuja kulipa. Chukua huo mfuko wa vyuma unifuate, mtani."

Tangu hapo hakuniita jina tena. Nilikuwa mtani, na mfuko wa vyuma ukawa wangu.

Kisanduku, alinieleza, kilikuja kutoka ng'ambo pamoja na mtambo, lakini waliofunga mtambo walikiacha bila kukiunganisha, kwa sababu kilihitaji waya wake peke yake na waya huo haukuwamo katika mpango wao. Yeye aligundua kwamba juu ya nguzo zile zile bado ulining'inia waya wa zamani wa telegrafu ambao haukutumika tena. Akauunga. Akakipa kisanduku betri yake, ndogo, isiyochangia chochote na betri za mtambo. Akakijengea shimo la udongo ukutani, chini, kama pahali pa kuwekea mtungi wa maji ya kunywa, ili kisipate joto la kibanda. Kilikuwa kama mpangaji ndani ya nyumba ya mtu mwingine, mwenye mlango wake, taa yake na jiko lake. Nyumba kubwa ingelala njaa, yeye angepika.

Tulikiuliza kutoka Tabora kwa kuzungusha namba. Namba ya kwanza ilikuwa ya kukiita tu. Ukiizungusha, ukasubiri kidogo, sikioni unasikia mvumo mrefu, wa chini, kama mzee anayesafisha koo. Hapo umejua kisanduku ki hai. Ndipo unauliza moja moja: jenereta, betri, mlango, joto. Kila swali lina namba yake. Mlio mmoja ni salama, milio miwili ni shida; kwa jenereta, mmoja ni kuzunguka, miwili ni kusimama. Na zilikuwepo namba za amri pia: kuwasha jenereta, kuizima, kuuondoa mtambo mmoja kazini na kuuweka wa akiba.

Kule kuita tulikuita kupiga shikamoo, na ule mvumo wa kwanza tuliuita marahaba. Sijui nani alianza. Kila asubuhi mmoja wetu alimwuliza mwenzake, "Usoke umeshaipigia shikamoo?" Mgeni angefikiri tuna babu kule.

Fundi aliliona jina hilo linafaa sana, na alikuwa na hotuba yake juu yake. "Mtu wa Tabora hakuachi kwenye marahaba," alisema. "Mgonjwa wa kitandani anaitikia marahaba. Aliyefiwa anaitikia marahaba. Hiyo ni mlango tu umefunguliwa. Baada yake ndipo unauliza: za nyumbani? Za watoto? Za ng'ombe? Hapo ndipo utasikia kwamba ng'ombe wamekufa."

Mimi nilikistaajabia kisanduku kile kuliko nilivyowahi kukiri mbele yake. Nilikuwa nimezoea vyombo vinavyojisemea vyenyewe, na chombo kikifa hunyamaza, nawe unabaki kukisia. Hiki kilikuwa shahidi. Hakikubeba sauti ya mtu hata mmoja wala hakikufanya kazi ya mtambo, na kwa sababu hiyo hiyo kiliweza kusema kweli juu ya mtambo.

Kilichotuingiza matatani ni salamu iliyokatishwa.

Dada yetu wa simu, mwenyeji wa Igunga aliyewaunganishia watu simu zao, ndiye aliyepiga shikamoo asubuhi zamu zetu sisi mafundi zikigongana. Alikuwa hodari, mwenye sikio ambalo lingetofautisha mvua ya Kigoma na ya Urambo kwa mngurumo wake kwenye waya. Lakini asubuhi moja watu wa ununuzi wa tumbaku walimjazia maombi ya simu, akakiita kisanduku, akasikia mvumo, akaachia hapo. Mkuu wetu wa kituo alipopita akamwuliza, "Usoke vipi?"

"Kaitika marahaba, Ndugu Mkuu."

Mkuu alikuwa mgeni, mtu wa Bukoba, mrefu, wa sauti ya chini, mwenye haki. Aliposikia marahaba alisikia kile ambacho mtu yeyote angekisikia, kwamba mambo ni mazuri. Akawaambia wakubwa Dar es Salaam kwamba njia ya Kigoma iko sawa. Wakati huo Kigoma ilikuwa kimya tangu alfajiri, jenereta ikiwa imezimika na betri zimekwisha. Simu aliyopigiwa baadaye tuliisikia sote, ingawa mlango wake ulikuwa umefungwa.

Alitoka akiwa mtulivu, na hilo ndilo lililotutisha. "Chombo kinachoitikia vizuri nyumba ikiwa inaungua hakinifai," alisema. "Usoke itakaliwa na mtu. Ndugu fundi, utahamia wewe."

Fundi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyefika msibani.

Sababu tuliijua wote. Nyumbani kwake Ipuli mke wake alikuwa mjamzito. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na hospitali ilikuwa imemwambia wazi kwamba safari hii asikae mbali nayo hata kidogo. Usoke wakati ule ilikuwa na treni isiyopita kila siku, na zahanati ya kufungia vidonda. Kumwacha mkewe mjini peke yake hakutaka, na kumpeleka kule hakuthubutu.

Nikasema mimi nitakwenda. Nilisema haraka mno, kwa sababu kweli nilitaka kwenda. Kukaa peke yangu kando ya njia ya wapagazi, na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku jioni, ilikuwa kama kupewa zawadi. Mkuu akatikisa kichwa. Sikuwa nimesomea jenereta, na kibanda kisicho na mtu anayejua jenereta kilikuwa sawa na kibanda kitupu.

Fundi akairudisha kofia kichwani. "Ndugu Mkuu, kisanduku hakikusema uongo. Hakikuulizwa."

"Labda."

"Nipe hitilafu moja tu. Ijayo."

Mkuu alifikiri. "Hitilafu ijayo," alisema mwishowe. "Ukiirekebisha ukiwa umekaa kwenye kiti hicho, unabaki Tabora. Ukilazimika kupanda treni, unapanda na godoro."

Wiki zilizofuata zilikuwa za kiangazi kikali, kabla ya mvua kuanza. Kule Ipuli, mke wa fundi alianza kufunga vyombo kidogo kidogo. Nilimkuta siku moja ameketi kwenye mkeka, ameshika kofia anayoishona kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akisukumiza vikombe ndani ya gunia. "Usinitazame hivyo, shemeji," aliniambia. "Mume wangu anaamini kopo la biskuti. Mimi naamini gunia."

Hitilafu ilikuja mchana, jua likiwa la kuchoma. Dada wa simu aliinua kichwa akasema, "Kigoma imekatika," na mkuu akawa tayari amesimama nyuma yetu. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya meza yetu, akamwonyesha fundi kwa mkono. Treni ya mizigo ya kwenda Kigoma ilikuwa stesheni, ikipakia, na ilitarajiwa kuondoka baada ya alasiri. Kila mtu chumbani alilijua hilo.

Fundi alikaa. "Mtani, zungusha. Dada, sikiliza wewe, una masikio mazuri kuliko yangu."

Nikapiga shikamoo. Mvumo ukaja, mrefu, bila wasiwasi.

"Kaitika," dada akasema, safari hii bila kumtazama mkuu. "Endelea."

Jenereta: mlio mmoja, inazunguka. Betri: mmoja, zimejaa. Mlango: mmoja, umefungwa. Mkuu akakunja mikono kifuani.

"Jenereta nzima, betri nzima, mlango mzima," alisema. "Na Kigoma haipo. Kisanduku chako kinaongopa, ndugu."

"Kimebakiza neno moja," fundi akasema. "Joto."

Nikazungusha. Milio miwili.

Fundi alifumba macho, na kwa muda nilidhani anaomba dua. Kisha akaanza kusema polepole, kama anayehesabu shanga. Betri zimejaa. Betri zikijaa, jenereta hujizima yenyewe. Mbona inazunguka? Basi kidude cha kuizima kimenata, haijapumzika tangu lini haijulikani, katika kibanda kisicho na dirisha, na jua hili juu ya bati. "Mle ndani sasa ni bani la tumbaku. Mtambo unakaushwa kama jani. Mtani, zima jenereta."

"Unazima umeme wakati njia imekufa?" mkuu aliuliza. Hakuwa anabisha kwa kiburi. Aliuliza kama mtu anayeogopa kuharibiwa kitu cha pekee alichonacho.

"Ndugu Mkuu, mtu ana homa. Unamvua blanketi."

Nikazungusha amri. Nikauliza tena jenereta, na kisanduku kikajibu kwamba imesimama. Jenereta iliyokuwa ikinguruma katikati ya miombo, mbali kuliko jicho, ilikuwa imenyamaza kwa sababu kidole changu kilipita kwenye tundu la namba Tabora. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi kabla, kwa majaribio. Siku ile ndipo nilipohisi uzito wake.

"Sasa wa akiba," mkuu akasema. "Weka mtambo wa akiba."

"Bado. Na wa akiba yumo kwenye joto lile lile. Nikimwamsha sasa atazimia naye, na hapo kweli nitapanda treni. Apoe kwanza."

"Mpaka lini?"

"Atatuambia mwenyewe."

Ukawa mchana wa kusubiri. Nilizungusha namba ya joto, milio miwili. Nikangoja, nikazungusha, miwili. Stesheni walikuwa wanagonganisha mabehewa. Dada wa simu alianza kunong'ona na kisanduku kwa Kisukuma, maneno ya kumbembeleza ng'ombe asiyetaka kusimama akamuliwe. Adhana ya alasiri iliposikika fundi aliinuka, akanawa, akaswali kwenye kona nyuma ya rafu za waya. Mkuu alimtazama kwa mshangao, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hakuna kingine cha kufanya?"

"Hakuna, Ndugu Mkuu. Ni kupoa tu."

Akavuta kiti cha pili akakaa nami. Nilipochoka kuzungusha, akazungusha yeye. Nadhani ndipo alipoanza kukipenda kisanduku. Mtu huwezi kukiuliza kitu swali moja mara nyingi vile, kikakujibu kila mara bila kukuchoka wala kujipendekeza kwako, usikiheshimu.

Fundi alikuwa anakunja mkeka wake dada aliponyanyua mkono.

"Mmoja," alisema. "Nyamazeni. Rudia." Mkuu akarudia. "Mmoja!"

"Mtambo wa akiba," fundi akasema palepale alipokuwa, bila kusogea. Nikazungusha.

Dada akachomeka waya wa Kigoma. "Kigoma, Kigoma, hapa Tabora." Kimya. "Kigoma, Kigoma." Kulikuwa na mkwaruzo kidogo, kisha sauti ya mwanamume ikatoka safi kana kwamba amesimama mlangoni.

"Tabora! Mlikuwa mmelala?"

"Tulikuwa tunakula," dada akamjibu. "Tumekosa kuwakaribisha maana dagaa hamkuleta."

Filimbi ya treni ililia wakati bado tunacheka. Mkuu aliigeukia sauti ile, akamtazama fundi, akatazama kiti. Alikuwa mtu wa neno lake, lakini pia alikuwa mtu wa kazi. "Umerekebisha ukiwa umekaa, nakubali," alisema. "Lakini kile kidude kilichonata hakitajinasua. Lazima mkono wa mtu ukifikie."

"Kitahitaji mkono," fundi akakubali, "si lazima uwe wangu. Huyu mtani ana miguu inayowasha. Apande treni ijayo. Ule waya wa zamani unabeba sauti pia, ukiunganisha chombo. Nitamwambia kila skrubu nikiwa hapa hapa."

"Na godoro?"

"Mzaramo hana godoro, Ndugu Mkuu. Ana mkeka."

Mkuu alicheka, kicheko kifupi ambacho sikuwahi kukisikia kabla. Akasema godoro libaki Ipuli, na kisanduku kibaki na kazi yake, ila kuanzia siku ile mtu asimletee habari ya marahaba bila kumletea na ya ng'ombe.

Tulitembea pamoja jioni hiyo mpaka Ipuli. Njiani fundi alipata sauti yake yote. Aliwasimulia watu wawili tuliokutana nao, na katika simulizi ya pili kibanda cha Usoke kilikuwa tayari kimeanza kutoa moshi. Mke wake alikuwa mlangoni, ameegemea fremu, mkono kiunoni. Gunia lilikuwa pembeni yake, limefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Hakungoja shikamoo yangu.

"Tunahama au hatuhami?"

"Mke wangu, sikia. Jenereta ilikuwa..."

"Nimeuliza moja."

"Hatuhami."

Alishuka taratibu akaketi kwenye kigoda, akafunika uso kwa ncha ya kanga. Fundi alisimama mbele yake, mikono imemlegea, hajui aiweke wapi. Kisha mkewe akafunua uso, akafuta pua, akaniita.

"Shemeji, mimi siwezi kuinama, na huyu akishika vikombe vyangu atavivunja kwa furaha. Fungua hilo gunia. Sufuria kubwa inakaa chini. Hapana, ile nyingine. Chujio la chai pale kwenye msumari. Vikombe juu, midomo ikitazama ukuta."

Nikafungua kamba. Alinielekeza chombo kimoja baada ya kingine mpaka gunia likaisha, na giza lilipoingia alikuwa ameshakoka moto.